Kimya cha asiyeulizwa si ridhaa

Ridhaa ni kukubali kwa hiari jambo unalolifahamu, kabla halijafanywa. Maana yake ni hiyo tu, na sidhani kuna mtu mzima hapa Malindi asiyeijua. Kinachonikera ni namna neno hili linavyopindwa kila uchaguzi unapokaribia, na wa Agosti 10, 2027 umeanza kupigiwa debe mapema kama kawaida yetu. Mtu anabandika picha za makaburi ya Shakahola, ule msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, juu ya jina la mwaniaji wake. Ukimuuliza, anajibu, "Familia zimeridhia." Zimeridhia lini? "Mbona hakuna aliyelalamika? Kimya ni ridhaa."

Kama hoja hii ingekuwa ya vijana wa kampeni peke yao ningeiacha ipite. Lakini sasa naisikia barazani, kwa watu wazima waliosoma chuoni, yaani madrasa, wakahitimu, na wanaitoa kwa sauti ya mtu anayenukuu dini. Basi tuirudishe kwenye dini.

Asili ya usemi huo ni mlango wa nikaha, yaani sura ya ndoa katika fiqhi, sheria za Kiislamu. Hadithi ya Mtume iko wazi: bikira huombwa idhini, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Tazama ni mambo mangapi yametangulia kile kimya. Walii, yaani msimamizi wake wa ndoa, amekuja kuuliza. Jambo lenyewe linajulikana: fulani bin fulani, mahari kadha wa kadha. Anayeulizwa yupo, anasikia, na ana nafasi ya kusema la. Na sababu ya kukubali kimya chake ni moja, haya. Binti anaona aibu kutamka mbele ya wazee kwamba anamtaka mume, akahurumiwa asilazimishwe kutamka. Hadithi hiyohiyo inasema aliyewahi kuolewa hakimtoshi kimya, lazima atakwe shauri na atoe kauli. Kwa hiyo hata ndani ya nikaha kwenyewe kanuni hii haimhusu kila mwanamke, sembuse kila mtu kwa kila jambo.

Mafakihi, wanazuoni wa fiqhi, hawakuishia hapo. Waliuliza: akinyamaza huku analia, je? Wakajadili kilio cha namna gani, cha machozi tu au cha mayowe na kujipiga mashavu, kwa kuwa kilio chaweza kuwa ndicho kukataa kwenyewe. Nawaomba wenzangu wanaosema "kimya ni ridhaa" huku wamebeba picha ya mama anayelia pembeni ya shimo waurudie mlango huo polepole.

Iko pia kanuni ya fiqhi, inayonasibishwa na Imam Shafi na iliyoingizwa katika Majalla, kitabu cha sheria cha Dola ya Uthmaniya, kifungu cha 67: aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema neno, ila kunyamaza mahali palipohitaji kauli ni kauli. Watu wetu wamebeba nusu ya pili, ya kwanza wameiacha mlangoni pamoja na viatu. Na hata hiyo ya pili ina sharti. Mahali panapohitaji kauli ni pale ulipoulizwa, au unapoliona jambo likitendeka mbele yako na una uwezo wa kulizuia.

Sasa twende Shakahola. Miili ilianza kufukuliwa Aprili 2023 katika msitu ule wa bara ya Malindi, na hesabu ikapita 400. Wengi wa waliokufa hawakuwa watu wa huku. Walimfuata mhubiri Paul Mackenzie wakitoka kaunti za mbali, magharibi mwa Kenya wakiwemo. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, baada ya vipimo vya DNA, na nyingine ziliendelea kungoja. Huyo aliyenyamaza ni nani basi? Ni mzee aliye Busia ambaye hajui kuna bango lililotundikwa karibu na stendi ya Malindi. Ni mwili uliolala mochari na nambari badala ya jina. Kimya cha asiyejua kwamba kuna swali hakiingii hata katika ile nusu ya pili ya kanuni.

Wapo pia walionusurika. Juni 2023 watu 65 kati yao walifikishwa mahakama ya Shanzu wakishtakiwa kutaka kujiua, kwa sababu waligoma kula wakiwa kituo cha uokoaji. Mtu aliye katika hali ile, analindwa na kuhojiwa, dhaifu kwa njaa, hata akitikisa kichwa mbele ya kamera, hiyo si hiari ya kujengea kampeni.

Nielezee bango moja kwa karibu, bila kusema la nani. Wanaume wanne wamevaa ovaroli nyeupe na barakoa, wamekamata mfuko mweupe pembe nne, udongo mwekundu umewafika magotini. Upande wa kulia kuna mwanamke amechutama. Uso wake umetiwa ukungu kwa kompyuta. Leso yake haikuguswa. Jina la leso, yaani maneno yaliyochapwa kwenye khanga, linasomeka herufi kwa herufi, na kona moja imeungua, kama alama ya pasi. Siliandiki jina hilo hapa. Leso za jina lile ziko nyingi sokoni, lakini leso ile yenye kona ile, na mkao ule wa mkono shavuni, hapana jirani yake atakayeuliza ni nani. Mwenye kufuta uso alijua fika kwamba hajamuuliza mama yule. Angekuwa amemuuliza asingemfuta. Alichohifadhi ni usalama wake mwenyewe. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa za kijani, "TUSISAHAU", kisha picha ya mheshimiwa akitabasamu, yeye hana ukungu.

Hoja ya pili nitaipita upesi: "Picha tumeilipia." Mliyemlipa ni mpiga picha, au shirika la habari. Mlichonunua ni haki ya kunakili kazi yake, yaani hakimiliki. Yeye ni mwenye picha. Mwenye msiba ni mwingine, na huyo hakuwa na bei wala hakuulizwa. Risiti ya mmoja haiwi ridhaa ya mwingine. Na hata kama mama yule alimruhusu mwandishi wa habari ampige picha siku ile, alikubali habari ijulikane. Hakukubali kusimama chini ya rangi za chama miaka minne baadaye. Ridhaa hutolewa kwa jambo mahsusi. Jambo likibadilika, swali linaanza upya.

Sheria yetu inasema hivyohivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, mahsusi, na itolewe na mtu aliyeelezwa. Mzigo wa kuithibitisha uko kwa anayetumia data, na mwenyewe anaweza kuiondoa wakati wowote. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuzikubali. Mteja wa klabu alikuwa anastarehe, si analia juu ya kaburi. Katiba nayo, ibara ya 28 inalinda hadhi ya kila mtu, na ya 31 faragha yake. Maadili ya waandishi wa habari yaliyowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya 2013 yanahimiza picha za huzuni na maafa zisitumiwe ovyo, lakini hayo yanambana mwandishi, si mwaniaji. Ndiyo maana picha ambayo mhariri aliisitasita inaishia kwenye fulana ya kampeni bila mtu kusita.

Na hatuwezi kusema hatuijui hisia hii. Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi lililoua watu 21, gazeti la Marekani, New York Times, lilichapisha picha ya maiti zikiwa zimelala juu ya meza za mkahawa. Wakenya walilaani mchana na usiku, Baraza la Habari likataka iondolewe. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba familia zimenyamaza kwa hiyo zimeridhia. Au kimya kinakuwa ridhaa pale tu mwenye kutumia picha ni mtu wetu?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu: "Huu ni msiba wa taifa, hauna mwenyewe mmoja." Wamarekani waliibishania hadharani Machi 2004. Kampeni ya George W. Bush ilirusha matangazo ya televisheni yenye magofu ya jengo la World Trade Center na wazima moto wakibeba machela iliyofunikwa bendera. Baadhi ya jamaa za waliokufa Septemba 11, 2001 walikasirika, chama cha wazima moto kikataka matangazo yaondolewe. Jamaa wengine waliyatetea. Upande wa Bush ulisema siku ile ndiyo iliyoujenga urais wake, atauombaje tena bila kuitaja? Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini angalia kilichotokea: wafiwa wenyewe waligawanyika. Wakigawanyika, hakuna anayeweza kusema "familia zimeridhia" kwa wingi ule. Mmoja akikubali, amekubalia wake.

Sisi huku jambo hili tunalijua bila kusoma habari za Marekani. Kwenye matanga, mheshimiwa anayefika na msafara wake hatwai maikrofoni hivihivi. Humwendea mzee wa familia, humpa pole, huomba dakika mbili. Hatosheki na mbili, hilo tunalijua, na mara nyingi anageuza matanga kuwa mkutano. Lakini aliomba. Mazishi ni ya kijiji kizima, waliochimba kaburi ni watu wa mitaa mitatu, na bado ruhusa inaombwa kwa mfiwa. Kwamba watu wengi wanalia hakujamwondoa mwenye msiba.

Hapa nami nijizuie, maana neno likishapendwa huwa linatiwa kila mahali. Ridhaa haihitajiki ili kuuzungumzia msiba. Mwaniaji ana haki, na mimi namwomba aitumie, ya kusimama jukwaani akauliza ilikuwaje Paul Mackenzie akamatwe Machi 2023 kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000, na wiki chache baadaye tukaanza kuhesabu makaburi. Swali hilo linaandikika kwenye bango kwa wino mweusi. Halihitaji leso ya mtu.

Wala picha isiyo na mtu si suala la ridhaa kwa uzito uleule. Nina ndugu Lamu wanaobishana kila mara juu ya picha za magari na nyumba zilizoteketea Mpeketoni, Juni 2014, usiku ambao watu walikuwa wanatazama Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 60 waliuawa usiku ule na uliofuata. Al-Shabaab walidai ni wao, Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa nyumbani, na tangu hapo kila picha ya Mpeketoni ina upande hata kabla haijawekwa nembo. Kuitumia kwaweza kuwa uchochezi, au ukosefu wa adabu, au hoja halali, kutegemea maneno yaliyo chini yake. Tubishane kwa majina hayo. Gari lililoungua halina ridhaa ya kutoa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mabango, sikwambii uvunje kazi yako. Nakuomba usahihishe usemi tu. Kama hukuuliza, sema hatukuuliza. Kama ulinunua, sema tulinunua. Kama hakuna aliyekuja kulalamika, sema hakuna aliyekuja, na uongeze kwamba anwani ya kulalamikia hukuiandika popote kwenye bango. Na ukitaka kusema wameridhia, barabara ya kwenda Chakama, upande wa Shakahola, unaijua. Anza na mama wa leso ile, mpe pole kwanza, mweleze ni chama gani na bango litakaa wapi hadi lini, na usiende na mpiga picha.