Je, wajua kwa nini Ndiaye humwita Diop mtumwa wake, na wote wawili wakacheka?

Abiria anaingia kwenye teksi mjini Dakar, Senegal. Dereva anamuuliza jina la ukoo. "Diop." Dereva, ambaye ni Ndiaye, anapaza sauti: kumbe leo nimempakia mtumwa wangu! Abiria anamrudishia palepale: nyie akina Ndiaye walafi, hamwachi hata ukoko. Hawajawahi kuonana, na atakayenuna ndiye atakayeaibika.

Sisi tunaujua huu: ni utani, kama wa Mzaramo na Mnyamwezi. Kwa Kiwolofu mtani huitwa kal. Nchini Senegal utani haukai ndani ya kabila tu, husafiri na jina la ukoo. Traoré kutoka Mali huhesabiwa sawa na Diop, kwa hiyo akishuka tu kwenye basi, watani anao tayari, hata salamu za Kiwolofu hajazijua.

Upo pia wa kabila kwa kabila. Waserer na Wajola husimulia kwamba dada wawili, Aguène na Diambogne, walikuwa katika mtumbwi mmoja ukakatika vipande viwili karibu na rasi ya Sangomar. Diambogne akachukuliwa kaskazini, akawa bibi wa Waserer. Aguène kusini, akawa bibi wa Wajola. Ndiyo maana hutukanana kama ndugu.

Ninachokipenda ni kwamba hapa tofauti hazifunikwi. Chakula chako na lafudhi yako vitasemwa mbele yako, ila anayesema anajua kesho zamu ni yake. Tena mtani akija kusuluhisha ugomvi, ni vigumu kumkatalia. Si dawa ya kila kitu: vita vya kujitenga vya Casamance, eneo la kusini mwa Senegal wanakoishi Wajola, vilianza mwaka 1982 utani ukiwepo.

Na dini je? Waislamu ni wengi mno, lakini rais wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, Mserer na Mkatoliki, aliongoza kuanzia 1960 hadi 1980. Ijumaa Kuu, familia za Kikristo hupika ngalakh: chenga za uwele, siagi ya karanga, ubuyu na sukari, vikakorogwa hadi vikawa uji mzito wa rangi ya kahawia. Bakuli huvuka kwenda kwa majirani Waislamu. Idi ya Kuchinja ikifika, inayovuka ni nyama ya kondoo.

Kule Fadiouth, kijiji kilichojengwa juu ya makombe ya baharini, Waislamu na Wakristo huzikwa katika makaburi yaleyale, chini ya makombe yaleyale meupe.