Soma lebo kabla hujamtia panya wako dawa ya jicho

Wafugaji wengi wa hamsta, simbilisi, gerbili na panya wa kufuga huja kwangu wakiwa na kichupa cha dawa ya macho mkononi. Mara nyingi ni ile iliyobaki mtu wa nyumbani alipougua macho, na wameshamtia mnyama kwa siku kadhaa. Wanataka kujua kama waendelee. Mimi huomba kwanza nisome lebo, kwa sababu jicho la mnyama mdogo hivi linaweza kupotea kwa dawa kuliko kwa ugonjwa wenyewe, na wakati mwingine si jicho tu linalopotea.

Ninachokitafuta kwanza kwenye lebo ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na wekundu: deksamethasoni, prednisoloni, haidrokotisoni na jamaa zake. Dawa nyingi za macho za binadamu huchanganya steroidi na antibiotiki. Zikitiwa, wekundu hupungua haraka na mfugaji hufurahi. Lakini kama konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ina mchubuko, steroidi huzuia jeraha lisifunge na huzima kinga ya mwili palepale vijidudu vinapoingia. Kidonda huchimba kwenda chini hadi konea itoboke. Na wanyama hawa huchubuka konea kila mara. Wanalala kwenye nyasi kavu na maranda, wana macho yaliyotokeza nje, na wakigombana hutumia kucha.

Ndiyo maana kabla ya kuandika dawa yoyote mimi hutia rangi ya fluoresini. Unagusisha karatasi yenye rangi kwenye ukope, unasuuza kwa maji ya chumvi, unazima taa ya chumba na kumulika kwa mwanga wa buluu. Konea isiyo na jeraha haishiki rangi. Iliyochubuka hung'aa kijani kibichi pale pale penye jeraha, na umbo la jeraha lina habari yake. Mstari mwembamba ulionyooka wima kwa kawaida unaniambia kuna kitu kimenasa chini ya ukope na kinakwaruza kila mnyama anapopepesa. Kwa simbilisi ninavuta ukope wa chini taratibu na mara nyingi nakuta ncha ya bua la nyasi, fupi kuliko punje ya mchele. Likitolewa, mnyama aliyekuwa amefumba jicho tangu jana hulifumbua kabla hajarudi kizimbani. Matone ya wiki nzima yasingefanya kazi hiyo.

Jambo la pili ninalosoma ni aina ya antibiotiki, na hapa wengi hushangaa. Dawa unayoitia jichoni huishia tumboni. Sehemu yake hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani na kooni, na iliyobaki mnyama huifuta kwa viganja na kuiramba, maana panya na jamaa zake husafisha uso mchana kutwa. Simbilisi na hamsta wana bakteria wengi tumboni wanaowasaidia kumeng'enya chakula. Penisilini, amoksilini, klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini huwaua bakteria hao wema, kisha bakteria mbaya aitwaye Clostridium difficile hupata nafasi, huzaliana na kumwaga sumu. Mnyama huacha kula, huhara, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Basitrasini, ambayo imo katika marhamu nyingi za macho, ni hatari pia simbilisi akiiramba. Panya wa kufuga na vipanya huvumilia zaidi, hata amoksilini hutumika kwao, kwa hiyo usichukue dawa iliyomponya panya ukamtia simbilisi.

Kwa jicho lenye usaha ambalo rangi imeonyesha konea ni nzima, mimi huanza na matone ya siprofloksasini, ofloksasini au tobramaisini. Kloramfenikoli nayo inafanya kazi vizuri, ila mwenye kuitia avae glavu, kwa sababu kuna watu wachache sana ambao huharibiwa uboho na dawa hiyo. Napendelea matone kuliko marhamu. Marhamu hupaka manyoya, humkera mnyama, naye huiramba yote. Tone moja la kichupa ni kubwa kuliko jicho la hamsta linavyoweza kubeba, kwa hiyo moja linatosha kabisa: mshike dakika moja hivi likae, kisha futa kilichomwagikia shavuni. Ukipewa dawa mbili, acha dakika tano katikati, la sivyo ya pili huiosha ya kwanza.

Hayo yote ni kama ugonjwa ni wa jicho. Mara nyingi sivyo.

Chukua panya. Mfugaji hupiga simu amefadhaika, anasema panya wake analia damu. Si damu. Ni porfirini, uchafu mwekundu unaotoka kwenye tezi ya Harder iliyo nyuma ya jicho. Ukimulika kwa taa ya urujuanimno kwenye giza hung'aa waridi, jambo ambalo damu hailifanyi. Panya mzima hutoa kidogo na kuufuta kabla hujauona. Ukiona duara jekundu kuzunguka jicho au ukoko puani, ujue ama anatoa nyingi kupita kawaida, ama hana nguvu au hamu ya kujisafisha. Sababu inaweza kuwa msongo, baridi, maumivu, au mapafu. Panya wengi wa kufuga wamebeba Mycoplasma pulmonis, bakteria wa mapafu, kwa hiyo mimi husikiliza kifua chake kabla ya kugusa jicho. Akiwa anakoroma au mbavu zinapanda na kushuka kwa nguvu, matone ya jicho ni kupoteza muda. Anahitaji dawa ya kunywa au sindano. Kama amevimba chini ya taya na amekunja jicho, nafikiria koronavirusi ya panya inayoshambulia tezi za mate na za machozi. Hiyo hupita yenyewe, lakini machozi hukauka kwa muda na konea huumia, hivyo matone ya machozi bandia husaidia sana.

Simbilisi ana mambo yake. Ukimwona na ute mweupe kama maziwa jichoni kwa sekunde chache, kisha anauchota kwa viganja na kujipaka usoni, mwache, ndivyo anavyonawa. Matongo yanayoganda na kurudi kila siku ni habari nyingine. Kwa mdogo wa wiki nne hadi nane nawaza Chlamydia caviae, maambukizi ya bakteria ambayo wengi hupona wenyewe. Bado nawasihi watu wanawe mikono kila wakimaliza kumshika, kwani Uholanzi iliripotiwa watu walioambukizwa na simbilisi wakapata nimonia kali. Kwa mkubwa naangalia meno. Ya simbilisi hukua maisha yote, magego pia, na mizizi ikirefuka huubana mfereji wa machozi au huleta jipu nyuma ya jicho. Jicho moja linalolia daima na mnyama anayeacha chakula kigumu na kuchagua laini ni meno mpaka picha ya eksirei iseme vinginevyo. Mwisho kuna vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na akiugua anahitaji zaidi. Usiitie kwenye maji ya kunywa, huharibika upesi. Mpe mdomoni.

Hamsta, hasa mzee, huamka macho yamegandana bila kuwa na ugonjwa mkubwa. Lowesha shashi kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ya dukani yaliyopashwa hadi uvuguvugu, iweke juu ya jicho mpaka ukoko ulainike, kisha futa kutoka pembe ya puani kwenda nje. Shashi mpya kwa jicho la pili. Usibandue kwa kucha, na usitie chai, maziwa wala maji ya chumvi uliyokoroga mwenyewe. Macho yakigandana tena siku mbili tatu mfululizo, mlete. Usimkamate hamsta kwa kuvuta ngozi ya shingo kwa nguvu, maana tundu la jicho lake ni kina kifupi na jicho linaweza kuchomoka. Likichomoka, usijaribu kulirudisha: lilowanishe kwa maji hayo ya chumvi muda wote na ukimbie kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo.

Gerbili mwenye macho na pua nyekundu kwa kawaida anahitaji mchanga safi wa kuogea na kizimba kisicho na unyevu, pamoja na dawa ya ngozi ikiwa bakteria wameshaingia.

Kizimba chenyewe ukichunguze kwa pua yako, ukiinamisha kichwa hadi usawa anaolala yeye. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia huunguza macho kabla wewe uliyesimama hujasikia harufu. Maranda ya msonobari yasiyokaushwa vizuri na ya mwerezi hutoa mvuke unaowasha, na yenye vumbi hudhuru macho na mapafu pamoja. Wakati wa matibabu mimi huwaambia watu watandike karatasi laini tu.

Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni na uandike. Jicho linaloonekana kupona huku uzito unashuka halijapona, na simbilisi asiyekula kwa nusu siku ni dharura hata kama jicho ni safi. Jicho lililoingia ukungu wa kibuluu, lililotokeza kuliko mwenzake, au lililofumbwa kwa zaidi ya siku moja, usilingoje hadi wiki iishe. Matone uyamalize kwa muda ulioandikiwa hata akifumbua jicho siku ya pili, na mwenzake wa kizimbani umchunguze pia jioni ile ile, jicho kwa jicho.