Sauti Kubwa Si Ushahidi wa Ukaribu: Dhana Potofu Kuhusu Stesheni za Namba

Wateja wanaoniletea redio za masafa mafupi hapa Mwanga, mjini Kigoma, wakishajua kwamba ninazifahamu zile stesheni za namba, zinazosoma tarakimu tano tano bila salamu wala maelezo na zinazoaminika kupeleka ujumbe wa siri kwa majasusi, huinamisha sauti na kuniambia jambo lilelile: mtambo wa majasusi hao lazima uko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwa kuwa unasikika kama uko jirani. Nimelisikia mara nyingi mno, na si kweli.

Kosa hili linatokana na mazoea ya FM. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na juu ya maji ya Tanganyika hayana mlima wa kuyazuia. Ndiyo maana stesheni za majirani hutufikia, na ndiyo maana kwa FM ni haki kudhani kwamba inayosikika kwa nguvu haiko mbali sana. Masafa mafupi, yaani MHz 3 hadi 30, yana tabia nyingine kabisa. Mawimbi yake hupanda hadi ionosfia, tabaka la hewa lenye chembe za umeme lililo mamia ya kilomita juu yetu, kisha hupindwa na kurudi ardhini mbali sana, pengine hata kilomita 4,000 kwa mruko mmoja. Kati ya mtambo na mahali yanapotua hubaki ukanda ambao hausikii kitu. Kalemie iko takriban kilomita 130 kutoka hapa. Mtu akirusha matangazo kutoka huko mchana kwa MHz 15, yaelekea yatatupita juu ya vichwa sisi wa Kigoma na kusikika vizuri na watu walio mbali kutuzidi mara kumi. Kwa masafa hayo, basi, sauti safi na yenye nguvu inapaswa kukufanya ushuku umbali, si ukaribu. Stesheni ambayo wasikilizaji waliipa jina la Lincolnshire Poacher, kutokana na wimbo wa kienyeji wa Kiingereza uliotangulia namba zake, waliitafutia mwelekeo wakahitimisha kwamba ilirushwa kutoka Akrotiri, kambi ya jeshi la Uingereza kisiwani Cyprus, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. Ilinyamaza mwaka 2008.

Wengine hawadanganywi na anga bali na redio yenyewe. Redio nyingi za bei nafuu hugeuza kila stesheni kuwa masafa ya ndani ya kHz 455 kabla ya kukusikilizisha, na kwa sababu hiyo stesheni yenye nguvu ya kHz 9,000 huonekana pia kwenye kHz 8,090, ambako haipo kabisa. Kabla ya kunitangazia ugunduzi, ongeza kHz 910 (mara mbili ya 455) kwenye namba unayoisoma; ukiikuta stesheni ileile huko juu, ikiwa na nguvu zaidi, ile ya chini ni kivuli tu. Halafu zima chaja ya sola na taa za LED, maana mlio wa "msimbo" mara nyingi hutoka ukutani kwako. Sauti za kukoroma kama bata nazo ni mazungumzo ya kawaida ya redio za mawasiliano za masafa mafupi (HF), kama zile ambazo mashirika ya misaada yametumia kwa miaka mingi, yanayopokelewa na redio isiyo na kitufe cha SSB, yaani cha kupokea mazungumzo yanayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi.

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta nzuri itazifumbua namba hizo. Haitaweza. Chukua kundi la tarakimu za ujumbe 41873, ulijumlishe na ufunguo wa siri 29604 tarakimu kwa tarakimu bila kubeba, utapata 60477, na hilo ndilo linalosomwa hewani. Asiye na ufunguo anaweza kubuni ufunguo mwingine wowote na kupata ujumbe mwingine wowote, wala hana njia ya kujua upi ni wa kweli. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alilithibitisha hilo kihisabati katika makala iliyochapishwa mwaka 1949. Sharti ni kwamba ufunguo uwe wa kubahatisha kweli na utumike mara moja tu. Wasovieti waliurudia katika miaka ya 1940, na Wamarekani wakafanikiwa kusoma sehemu ya jumbe zao.

Kwamba mambo haya yalikwisha na Vita Baridi ni porojo. Ana Belén Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyeitumikia Kuba, alipokea maagizo kwa njia hii hadi alipokamatwa mwaka 2001, na mwaka 2016 Korea Kaskazini ilianza tena kusoma namba redioni baada ya kimya cha miaka mingi.

Mwisho ni hofu ya kwamba ukisikiliza utajulikana. Redio ya kupokea haimpelekei mrushaji taarifa yoyote, na ndiyo sababu majasusi waliipenda: mpokeaji wa Berlin na mvuvi wa Kibirizi hapa Kigoma husikia maneno yaleyale, wala mtambo hauwezi kuwatofautisha. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, unaihitaji ukitaka kurusha.