GPS haihitaji leseni, lakini laini uliyoichomeka ina sheria zake

Vijana wanaounganisha bodi ndogo za kielektroniki kama Arduino na ESP32 ili kufuatilia mitumbwi ya dagaa inayotoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanatuuliza sana: je, GPS, mfumo wa setilaiti wa Marekani wa kujua mahali ulipo, inahitaji leseni?

Kipokezi cha GPS kinapokea tu. Setilaiti, zilizo juu kama kilomita 20,200, hazikuoni wala hazijui kama upo. Kila moja inatangaza saa na mahali ilipo, na kifaa chako kinapiga hesabu kwa muda ambao mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4 yametumia njiani. Bando halihitajiki. Tumelisema hili mikutanoni mara nyingi, na bado tunaambiwa Wamarekani wanatuchungulia ziwani. Hapana.

Sheria inakugusa pale kifaa kinaporusha mawimbi. Ukiongeza moduli ya GSM, yaani ya mtandao wa simu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake inataka kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenyewe. Usichukue laini ya shemeji. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ukiwa na kitambulisho, iondolewe. Ikitumika kwenye uhalifu, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Kuhusu vifaa vya kuziba GPS, ambavyo dereva hununua ili tajiri wake asijue gari lilipo: mawimbi ya GPS yakifika ardhini ni dhaifu mno, hivyo kinachoziba gari kinaweza kumsumbua hata rubani anayeshuka uwanja wa ndege wa Mwanza. Kurusha mawimbi kwenye masafa hayo bila leseni ni kosa; adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni hesabu. Moduli nyingi za GPS huandika latitudo ya Mwanza hivi: 0231.00,S. Wengi husoma 2.31. Sivyo! Hizo ni nyuzi 2 na dakika 31 (dakika za nyuzi, si za saa). Gawa 31 kwa 60, jumlisha na 2, unapata 2.5167, na kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, tanguliza alama ya kutoa. Ukisoma 2.31, mtumbwi unahama kilomita 23 kwenda kaskazini, na waokoaji wanatafuta kwenye maji matupu wakati watu wanazama kwingine. Ukisahau ile S, mtumbwi unaonekana Uganda, jirani na mji wa Lira.

Ukishaenda mbali na Ukerewe, mtandao wa simu haupatikani kila mahali. Programu yako ihifadhi mahali pa mwisho pamoja na saa, itume mtandao ukirudi. Na saa hiyo ni ya UTC, saa ya kimataifa, iongezee 3. Ujumbe wenye 21:30 umetumwa saa sita na nusu usiku kwetu, si saa tatu na nusu.