Ziba maneno, soma picha: namna ya kumchagulia mtoto mdogo kitabu

Jumamosi moja asubuhi, kwenye kona ya watoto ya maktaba ninayofanyia kazi hapa Tanga, mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe wa miezi 9 hivi. Mbele yao kitabu kiko wazi, ukurasa mzima ni samaki mmoja mwekundu. Mtoto anamparura yule samaki kwa kucha, anamfinya, anataka kumbandua atoke kwenye karatasi. Mama akamshika mkono: "Acha baba, utachana kitabu cha watu!" Nikamwambia, mwache dada, anasoma huyo. Akacheka kwa adabu tu.

Sikuwa natania. Mwaka 1998 mtaalamu wa saikolojia ya watoto wa Marekani, Judy DeLoache, na wenzake waliandika juu ya jambo hilihili. Watoto wa miezi 9 wakiwekewa picha ya kitu huishika, huisugua, hujaribu kuing'oa. Walifanya hivyo watoto wa Marekani, na walifanya hivyo pia watoto wa kijijini huko Kodivaa, Afrika Magharibi, ambao vitabu vya picha hawakuwa wamevizoea. Mtoto bado hajajua picha ni kitu gani, kwa hiyo anaichunguza kwa mkono. Akifika mwaka mmoja na nusu au zaidi kidogo, mkono unaacha kuparura, kidole kinaanza kunyooshwa: "Maki!" Safari ya kutoka kwenye kucha hadi kwenye kidole ndiyo darasa la kwanza la kusoma, na haina herufi hata moja.

Nimeanza na hilo kwa sababu swali tunaloulizwa mezani kila wiki ni moja: "Nina mtoto wa miaka 2, nipe kitabu cha kumfundisha kusoma." Mzazi akitoka hapo anapita stesheneri, ananunua kijitabu cha A ya ananasi, B ya bata, anarudi nyumbani ameridhika. Sikikatazi kijitabu hicho. Lakini ananasi na bata hawana la kuambiana. Mtoto ataambiwa "sema A", atasema A, na mazungumzo yameishia hapo.

Kitabu cha picha ni kitu kingine. Ndani yake picha ndiyo inayosimulia, na maneno machache yaliyoko pembeni yanaisaidia. Watafiti wa Kanada, Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, mwaka 2005 walifuatilia kwa mitambo macho ya watoto wadogo waliokuwa wakisomewa. Maneno karibu hawakuyatazama kabisa. Macho yalikuwa kwenye picha karibu muda wote. Basi mnapokaa na kitabu mpo wasomaji wawili. Wewe unasoma maandishi, yeye anasoma picha. Ukichagua kitabu kwa kuangalia maandishi peke yake, umejichagulia wewe.

Kipimo changu cha dukani ni rahisi, na wauza vitabu wananishangaa nikikitumia. Ziba maneno kwa kiganja, fungua kurasa moja baada ya nyingine, jiulize kama unaelewa kinachoendelea. Tuseme kuna vitabu viwili vya kuku aliyepotea. Cha kwanza kimeandika "Kuku alipotea", na juu yake amechorwa kuku amesimama, anatabasamu. Ukiziba maneno hakuna aliyepotea, kuna kuku tu. Cha pili kimeandika "Kuku yuko wapi?" na picha ni ya chumba: kitanda cha kamba, ndoo, kanga imening'inia, na chini ya uvungu mkia umechomoza. Mtoto wa miaka 3 hatangoja umalize sentensi. Atapiga kelele, atagonga ukurasa kwa kidole, atakucheka wewe mtu mzima usiyeona. Nunua hicho cha pili.

Picha iwe ya kweli kwa mambo ambayo mtoto anayajua. Bibi mmoja, mtu wa pwani ya kusini mwa mji huu, huwa anakuja na mjukuu wake wa kike. Bibi kusoma hakusoma. Siku moja nikawapa kitabu chenye picha ya wavuvi, nikidhani nimewapatia kweli. Bibi akaitazama ngalawa, akaita, "Mwanangu, hii nani kachora?" Mchoraji alikuwa ameweka ubao wa ubavuni upande mmoja tu, wakati ngalawa zetu zina mbao hizo kulia na kushoto. "Hii kaskazi ikivuma kidogo tu, wote wamezama." Kisha akamgeukia mjukuu, akamweleza ubao ule unafanya kazi gani, babu yake alikuwa akiufunga vipi, na siku waliyorudi na kamba imekatika. Dakika ishirini, ukurasa mmoja. Kitabu kilikuwa na kosa, na somo lilikuwa zuri kuliko nililolipanga mimi. Lakini bila bibi pale, mtoto angeondoka na ngalawa ya kuzama.

Hadithi hiyo nawapa pia wazazi na walezi wanaoona haya kusema kwamba kusoma kunawapa shida. Vipo vitabu visivyo na neno hata moja, na vyenye maneno pia vinaweza kusimuliwa kwa picha zake. Lugha ni yenu. Nyumba inayozungumza Kidigo, Kibondei au Kisambaa isimulie kwa lugha hiyo. Picha haina kabila.

Sasa Kiswahili cha kitabu chenyewe. Hapa mimi ni mkali. Vitabu vingi vya watoto vimetafsiriwa, na vingine tafsiri yake inakwaruza koo. Soma ukurasa mmoja kwa sauti pale pale dukani, usione aibu. "Mvulana mdogo alikuwa na furaha sana kwa sababu ya zawadi yake mpya": sarufi haina kosa, lakini nani humsimulia mtoto hivyo? Sikiliza na hii: "Juma akaliruka dimbwi, mara mguu ukateleza, chubwi! Kanzu yote matope." Ile *chubwi* ndiyo mtoto atakayoiomba kesho. Lugha yetu ina tanakali za sauti za kumwaga: puu, kacha, chwaa, tuli, ndi. Kitabu cha mtoto wa miaka 2 hadi 4 kisicho na hata moja nakitilia shaka. Kingine ni kibwagizo, sentensi inayorudi kila baada ya kurasa mbili, ili mtoto aidake na kuisema yeye kabla yako.

Na usichoke akisema "tena". Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka 3 hadithi zenye maneno mapya. Waliosomewa hadithi moja kwa kurudiwa walishika maneno hayo vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofautitofauti zenye maneno yaleyale. Kwa mfuko wa mzazi hiyo ni habari njema. Vitabu vitatu vinavyopendwa vinafanya kazi kuliko kabati zima.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wazazi hawalitazami. Kwa mtoto mdogo, tafuta kitabu chenye picha moja kubwa kila kinapofunguliwa. Kikiwa na picha kulia na nyingine kushoto, mtoto hajui maneno unayosoma yanahusu ipi. Utafiti mwingine wa Horst, na Zoe Flack, wa mwaka 2018, ulionyesha watoto hujifunza maneno zaidi picha ikiwa moja. Lakini kama kitabu unacho tayari na kina picha mbili, usikitupe: kabla ya kusoma, pitisha kiganja juu ya ukurasa unaousoma. Hilo tu lilitosha kuwasaidia.

Vile vitabu vya kubonyeza vikalia, au vyenye vipande vya kuvuta na kufunua, vinavutia kwenye rafu. Kwa mtoto anayeanza kujua majina ya vitu, mara nyingi vinamchezesha vidole, picha yenyewe ikasahaulika. Mimi navihesabu kwenye mafungu ya midoli.

Kwa kichanga, picha nyeusi na nyeupe zilizokolea zinatosha, ukizishika umbali wa kama shubiri moja na kidogo kutoka usoni pake, kwa sababu hapo ndipo macho yake yanapoona vizuri. Kuanzia miezi 6 kitabu kinaliwa kwanza ndipo kisomwe, kwa hiyo kiwe cha kadibodi ngumu, pembe zimeviringwa, pasiwe na kipande cha kung'oka. Na hapa pwani tuna adui wetu mwenyewe: chumvi. Vitabu vya bei nafuu hubanwa kwa pini, na pini kwenye unyevu wa Tanga inashika kutu baada ya masika moja au mbili. Kurasa zinachomoka, na ncha ya pini inabaki nje ikimsubiri mtoto. Fungua katikati ya kitabu uangalie. Kama kuna kilichoshonwa kwa uzi, ongeza hela kidogo ukichukue. Cha pini, kikiwa kizuri na huna namna, ng'oa pini ukifika nyumbani, ushone kwa sindano na uzi wa nailoni.

Halafu kuna ile tabia ya vitabu vyetu kuhubiri. Mtoto kaiba embe, kaanguka, kavunjika mkono, na ukurasa wa mwisho umeandikwa "Hadithi hii inatufundisha nini?" Bibi zetu walisimulia habari za zimwi na sungura bila kuweka mtihani mwishoni. Kitabu kinachokuambia mapema kwamba mtoto mtiifu atashinda hakina swali la kukuuliza njiani. Chunguza pia ni nani anafagia kwenye picha na ni nani anapanda mti. Kama katika kurasa zote wa kike yuko jikoni na wa kiume yuko nje, binti yako anaisoma hiyo picha vilevile anavyomsoma samaki. Sungura aliyevaa suruali ni wetu siku zote na simfukuzi. Ila ukitaka mtoto amjue sungura mwenyewe, anakula nini na analala wapi, mpe kitabu chenye sungura asiyevaa nguo. Patricia Ganea na wenzake mwaka 2014 waliona kwamba watoto waliosomewa habari za wanyama wanaotenda kama watu waliokota ukweli mchache kuhusu wanyama hao.

Kitabu kikishapatikana, namna ya kukisoma tunayo tangu zamani. Msimulizi husema "Paukwa", watu wakaitika "Pakawa". Mtu akasema "Kitendawili", wakamjibu "Tega". Hadithi ya upande mmoja hatukuwa nayo. Grover Whitehurst na wenzake walipofanya jaribio lao Marekani mwaka 1988, kwa watoto wa kati ya miezi 21 na 35, waliwafundisha wazazi kitu cha aina hiyohiyo: ukimsomea, muulize, mwongezee, mwache ajibu. Baada ya wiki 4 tu watoto hao walikuwa wamewatangulia kwa miezi 6 na zaidi, katika vipimo vya kujieleza, wenzao waliosomewa kwa mazoea ya kawaida. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inaliita jambo hili malezi yenye mwitikio. Kwenye jamvi linasikika hivi:

"Huyu nani?"
"Paka."
"Ee, paka. Anafanya nini?"
"Lala."
"Amelala, eh? Amelala juu ya nini?"
"Mkeka."
"Paka amelala juu ya mkeka. Na wetu mkeka uko wapi?"

Angalia "lala" ilivyogeuka "amelala" bila mtu kuambiwa amekosea.

Suala la bei nalijua. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania zipo kwa ajili hiyo, njooni na watoto, kelele zao tumezizoea. Mtandaoni kuna African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India, zote zina hadithi za picha kwa Kiswahili, bure, na ruhusa ya kuchapisha unayo. Soma kwanza wewe, kwa sababu tafsiri zinatoka kwa watu wengi na hazilingani ubora. Na kwenye meza za mitumba, vitabu vya Kizungu vya watoto vinauzwa kwa bei ya kutupa. Picha zake nyingine ni nzuri mno. Vichukueni, msimulie kwa Kiswahili chenu.

Au tengeneza. Baba mmoja wa Ngamiani, dereva wa bodaboda, alituletea cha kwake tukione. Amekata boksi la biskuti kurasa sita, kila ukurasa picha moja aliyopiga kwa simu na kuichapisha stesheneri: mlango wa nyumbani kwao, mama akikuna nazi, jogoo wa jirani, pikipiki, bahari ya Raskazone, na mwisho mtoto mwenyewe amelala mdomo wazi. Juu ya picha amebandika kwa gundi karatasi ya nailoni ili mate yasipenye. Pembeni ametoboa matundu mawili, akafunga kwa kamba ya katani.

"Anataka tuanzie hapa," akaniambia, akafungua ukurasa wa jogoo.