Magogo ya bwawani hayakuwa yakioza

Picha za zamani za viwanda vya kupasua mbao Marekani huonyesha magogo yakielea bwawani, na wengi hudhani yalikuwa yakiachwa yaoze. Sivyo. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa, na gogo lililolowa hadi ndani halina hewa ya kuwatosha. Lililoachwa juani ndilo lililopasuka nyufa na kutobolewa na wadudu. (Sehemu iliyochomoza juu ya maji, hiyo kweli iliweza kuoza.) Maji pia yaliosha matope na changarawe zinazoua makali ya msumeno, na mtu mmoja mwenye upondo aliweza kusukuma gogo zito hadi kwenye mnyororo wa kulipandisha kiwandani. Ukavu ulitafutwa baada ya kupasua: mbao zilipangwa uwanjani, kila safu ikitenganishwa kwa vijiti vyembamba ili upepo upite.