Mume akifilisika, mke hafilisiki naye

Wengi huamini kwamba mmoja akitangazwa muflisi mahakamani, mwenzake naye amekwisha, hata kazini atafukuzwa. Si kweli. Katika nchi nyingi, ndoa peke yake haikubebeshi deni la mwenzako; kinachokufunga ni sahihi yako. Hebu fungua mkataba wa mkopo, tazama ukurasa wa mwisho: kama ulitia saini penye neno "mdhamini", benki itakugeukia, tena kwa deni lote, si nusu. Hapo ndipo wengi huumia, na inasikitisha. Nyumba yenye majina mawili inaweza kuuzwa, lakini fungu lako hubaki lako. Zipo nchi zinazohesabu mali ya ndoa kuwa ya wote wawili. Huko hatari ni kubwa zaidi. Kuhusu kazi, aliyefilisika ni yeye, si wewe.